Usiiwashe Kwanza

Ukipewa kompyuta iliyokaa stoo miaka ishirini, jambo la kwanza utakalotamani ni kuichomeka kwenye umeme uone kama itawaka. Usifanye hivyo. Mashine nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zinazoharibika mikononi mwa watu wanaozipenda huharibika katika dakika hiyo ya kwanza. Zilivumilia vumbi, joto na mende, zikashindwa kuvumilia pupa ya mmiliki mpya.

Nawaandikia wale wanaotaka kukusanya kompyuta za zamani na kuzifufua, hasa mlioko huku kwetu, ambako hakuna duka la spea zake wala chama cha kukushika mkono. Kazi hii inawezekana kabisa. Inahitaji mita ya kupimia umeme, bisibisi nzuri, brashi laini na uvumilivu mwingi kuliko fedha.

Tuanze na nini cha kukusanya. Vitabu vya ughaibuni vitakusukuma kwenye mashine zenye majina makubwa: IBM PC ya 1981, Commodore 64 ya 1982, Macintosh ya kwanza ya 1984. Ni mashine za heshima, lakini hapa Tanzania ni adimu, na uadimu huo una historia. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mradi wa gharama kubwa wa kuweka hesabu za Wizara ya Fedha kwenye kompyuta kwenda mrama. Vibali maalumu vilitolewa hapa na pale, marufuku ikalegea taratibu, hatimaye ikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo kizazi kizima cha kompyuta za nyumbani, zile zilizowafundisha watoto wa Uingereza na Marekani kuandika programu, kilitupita kando. Zilizoingia kwa wingi baadaye ni zile zenye prosesa za 386, 486 na Pentium, nyingi zikiwa zimeshatumika kwingine, na zikaenda kwenye mashirika ya misaada, benki, vyuo, ofisi za makanisa na vibanda vya kuchapisha barua.

Hizo ndizo ninazokushauri uzitafute. Sababu ya kwanza ni ya kiufundi: vifaa vyake vinaingiliana. Kadi ya ISA iliyotoka kwenye mashine moja itakaa kwenye nyingine, tundu la VGA la pini 15 bado linakubali monita nyingi zilizopo sokoni, na kibodi ya PS/2 inaingia kwenye soketi ya kale ya DIN kwa kiunganishi kidogo. Sababu ya pili naiona nzito zaidi. Mashine iliyofanya kazi hapa ina kumbukumbu za hapa. Ndani ya diski yake unaweza kukuta barua zilizoandikwa kwa WordPerfect, mishahara iliyokokotolewa kwa Lotus 1-2-3, orodha za wanachama zilizotengenezwa kwa dBase. Commodore 64 iliyonunuliwa mtandaoni kutoka Ujerumani ni nzuri, ila wenzetu wa huko wanazo nyingi na wanazitunza vizuri. Ile 486 ya chama cha ushirika, usipoiokoa wewe hakuna mwingine atakayeiokoa.

Usiache CD na flopi zinazokuja nazo, hata kama hazina kasha. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ukiiona CD ya aina hiyo kwenye boksi la takataka, iokote kabla ya kuigusa kompyuta yenyewe.

Kuzipata si kazi ya dukani. Uliza kwenye stoo za shule, misheni na ofisi zinazohama. Mali ya umma huuzwa kwa utaratibu wake, kwa hiyo dai stakabadhi yenye namba ya kifaa, hata kama mtunza stoo ana roho nzuri na anataka kukugawia hivihivi. Kisha zungumza na wanaonunua chuma chakavu mtaani kwako. Wao hupima kwa kilo, na kabla ya kupima hukata waya na kuvunja shingo ya kioo cha monita ili watoe shaba. Ukiwaachia namba ya simu na kuwaahidi bei inayozidi ya chakavu kidogo, watakupigia kabla ya kuchukua nyundo. Kwa mashine ya kwanza, epuka kompyuta za mapajani. Bawaba zake hukatika, plastiki yake imekuwa kavu kama biskuti, na kioo chake kikifa ni vigumu kupata kingine.

Sasa umeifikisha nyumbani. Ifungue bila kuiunganisha na umeme. Piga picha kila upande kabla ya kuchomoa chochote: kila kebo, kila kadi, kila kijumpa kilichokaa kwenye pini zake. Pangusa vumbi kwa brashi kavu, nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa. Utakuta mayai ya mjusi na vinyesi vya mende, navyo hunyonya unyevu na kula chuma.

Tafuta betri. Bodi mama nyingi za 286, 386 na 486 zina kipipa kidogo cha betri ya nikeli na kadimiamu, mara nyingi cha rangi ya bluu au kijani, kilicholehemiwa karibu na soketi ya kibodi. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio umeme ukizimwa. Ikizeeka huvuja alkali, na alkali hiyo hutambaa chini ya rangi ya bodi ikila njia za shaba. Ndiyo maana 386 nyingi zikifufuka hulalamika kwamba hazioni kibodi: njia zilizo jirani na betri ndizo zilizoliwa kwanza. Ikate betri hiyo kwa koleo leo, hata kama inaonekana nzima. Ukikuta bodi ina kibonge cheusi kilichoandikwa Dallas DS1287 au DS12887, tulia, kwa sababu betri iko ndani yake na haivuji. Ikifa, mashine itasahau tu tarehe na aina ya diski. Mwenye Macintosh ya zamani naye asingoje: betri ndogo ya lithiamu ya volti 3.6 iliyomo humo imeshaharibu mashine nyingi nzuri kwa kupasuka.

Kama uvujaji umeshatokea, paka siki nyeupe kwa pamba ya masikio mahali penye ukoko wa kijani au bluu tu. Itachemka kidogo, maana asidi ya siki inaua nguvu ya alkali. Isugue taratibu kwa mswaki laini, kisha suuza kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa kuongezea kwenye betri za magari. Hapa soma lebo vizuri, kwa sababu kwenye rafu hiyohiyo huuzwa asidi ya betri, na watu huita vyote viwili maji ya betri. Maliza kwa alkoholi ya isopropili, ambayo mafundi simu wanayo, halafu acha bodi mbele ya feni usiku kucha. Baada ya hapo ndipo uchukue mita, uiweke kwenye mlio, na ufuate njia moja baada ya nyingine toka mwanzo hadi mwisho wake. Iliyokatika unaiunga kwa waya mwembamba. Ni kazi ya jioni nyingi, nami siijui njia ya mkato.

Mahali pa betri iliyoondolewa usilehemu nyingine ya aina ileile. Bodi nyingi zina pini nne za betri ya nje. Ukitaka kutumia CR2032, weka diodi kwenye waya wake, kwa sababu bodi inaweza kujaribu kuichaji, na betri hiyo ya lithiamu haichajiki.

Kinachofuata ni kapasita. Kwenye mashine za mwanzoni mwa miaka ya 1980, IBM PC ikiwemo, kuna kapasita za tantali, vidonge vidogo vya rangi ya njano au buluu. Zikizeeka hupiga shoti, hasa zile za njia ya volti 12, na hulipuka kwa cheche. Kwa hiyo vaa miwani siku ya kuwasha. Kwenye pawasaplai za Ulaya za kipindi hicho kuna kapasita za karatasi za RIFA, zilizofunikwa plastiki ya rangi ya asali. Plastiki hupata nyufa, karatasi hunyonya unyevu, na dakika chache baada ya kuwashwa chumba hujaa moshi wenye harufu mbaya. Ukiona nyufa, badilisha bila kujadili, kwa kapasita ya usalama ya daraja lilelile. Na kwa kompyuta zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo ziliwahi kujaa kwenye mitumba yetu, tazama vichwa vya kapasita ndefu zilizozunguka prosesa. Kipindi hicho viwanda vingi vilitumia kapasita zenye kimiminika kibovu, na dunia nzima ilipata hasara. Kichwa kilichovimba au chenye uchafu wa kahawia ni hukumu tosha. Weka yenye maikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, iliyoandikwa nyuzi 105, na uipime kabla ya kuilehemu. Za bei ya kutupa ziache dukani.

Usisahau swichi ndogo nyekundu nyuma ya pawasaplai. Jamaa wengi walioko Marekani wanaleta mashine nyumbani likizo, na huko umeme wa ukutani ni volti 120, wakati Tanzania ni 230 na Kenya 240. Swichi ikiwa kwenye 115 nawe ukachomeka hapa, utasikia mlipuko kabla hujatoa mkono. Mashine isiyo na swichi, iliyoandikwa volti 120 peke yake, inahitaji transfoma ya kushusha umeme. Commodore 64 ina shida yake ya ziada: kile kitofali cha umeme kinachokuja nayo, kikizeeka, huanza kutoa zaidi ya volti 5 na kuunguza chipu za kumbukumbu. Kipime kwanza, au bora zaidi nunua kipya kilichotengenezwa siku hizi. Ile ya Marekani pia hutoa picha ya mfumo wa NTSC, na televisheni ya zamani ya PAL inaweza kuionyesha bila rangi au isiionyeshe kabisa.

Ukifika hapo, chomoa pawasaplai kwenye bodi na uijaribu peke yake, ikiwa imefungwa pamoja na diski mbovu usiyoihitaji, kwa kuwa nyingi za zamani hazifanyi kazi vizuri bila mzigo. Mafundi redio huunga balbu ya waya ya wati 60 au 100 mfululizo na kifaa wanachokijaribu. Balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia, sawa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, zima. Kama hujawahi kushika umeme wa ukutani, kazi hii mpe fundi, na usifungue sanduku la pawasaplai mwenyewe, maana kapasita zake kubwa hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Pima: waya mwekundu utoe kati ya volti 4.75 na 5.25, wa njano kati ya 11.4 na 12.6. Unaporudisha plagi mbili za P8 na P9 kwenye bodi, nyaya nyeusi zikutane katikati. Ukizigeuza, umeiua bodi.

Washa kwa mara ya kwanza ukiwa na vitu vichache: bodi, kumbukumbu, kadi ya picha, spika ndogo ya ndani. Bila diski, bila kadi ya sauti. Milio ya spika hiyo ni lugha yenye mpangilio, na jedwali la maana zake hutegemea kampuni iliyotengeneza BIOS, yaani programu ya kuanzishia mashine. Zima baada ya nusu dakika, gusa chipu kwa kidole, tafuta yenye joto lisilo la kawaida.

Kuhusu mafundi, nina jambo la moyoni. Watu hudhani ufufuaji wa kompyuta za kale ni utaalamu wa Ulaya na Marekani. Pita Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, utazame kijana anayebadilisha chipu ya simu kwa bloa chini ya hadubini. Miguu ya chipu hiyo ni midogo mara nyingi kuliko chochote kilichomo kwenye 486. Mkono anao. Anachokosa ni mchoro wa mashine yako, na huo unaweza kuupata mtandaoni na kumpelekea ukiwa umechapishwa. Mweleze mapema kwamba bodi hii haina nyingine, asitumie joto la juu, na kwamba shaba ya zamani hubanduka kwa urahisi. Mlipe kwa muda wake, si kwa bei ya kubadilisha chaja. Mimi nawaamini watu hawa kwa kazi nzuri ya kulehemu kuliko ninavyoiamini mikono ya mkusanyaji anayeanza.

Vivyo hivyo kwa monita za vioo vinene. Ndani yake kuna volti elfu kadhaa, na za rangi hupita elfu ishirini. Chaji hiyo hubaki kwenye kioo baada ya kuzimwa. Fundi televisheni wa umri mkubwa anajua kuitoa salama kwa waya uliofungwa kwenye fremu. Vijana wengi hawajafundishwa, kwa kuwa televisheni hizo hazitengenezwi tena. Mtafute mzee huyo angali na karakana yake, umwombe akufundishe mbele ya monita yako.

Diski zinahitaji nidhamu kuliko kitu kingine chochote. Usiache mashine iwake kutoka kwenye diski yake ya awali kabla hujachukua nakala, kwa sababu kuwaka tu kunaweza kubadilisha mafaili. Ichomoe, iunganishe kwenye kompyuta nyingine, na uchukue nakala kamili ya sekta zote kwa programu kama ddrescue ya Linux. Viunganishi vya USB hushindwa kutambua diski nyingi ndogo za mwanzoni mwa miaka ya 1990, hivyo tunza Pentium moja ya kazi hiyo. Flopi nazo zikague kwenye mwanga kwanza. Ukanda wa pwani una unyevu, na ukungu huota juu ya sahani ya sumaku kama madoa meupe. Flopi yenye ukungu ikiingia kwenye draivu, itachafua kichwa na kichwa kitakwaruza zote zitakazofuata. Flopi ya inchi 3.5 ilinde kwa kuacha kitundu chake wazi. Ya inchi 5.25 bandika utepe kwenye pengo la pembeni. Kwa zinazosumbua, kuna bodi ndogo ya saketi inayoitwa Greaseweazle, ambayo husoma mawimbi ya sumaku yenyewe badala ya mafaili, ukapata nafasi ya kuyachambua baadaye.

Nakala ikishakuwa salama sehemu mbili, diski ya zamani ipumzike. Mashine itumie kadi ya CompactFlash kwa kiunganishi cha IDE, ila kumbuka BIOS nyingi za 486 haziwezi kuona zaidi ya takriban megabaiti 504.

Utakachokikuta kwenye nakala ya diski ni siri za watu. Mishahara, matokeo ya mitihani, majina ya wagonjwa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hata bila sheria, mtu aliyeandikwa kwenye jalada la zahanati hakukupa ruhusa. Mrudishie mwenye ofisi nakala akiihitaji, usionyeshe majina kwa yeyote, wala usipakie chochote mtandaoni.

Kuhusu kasha lililogeuka njano, ushauri wangu hautawafurahisha wengi: liache. Mara nyingi husemwa linageuka kwa sababu ya bromini iliyochanganywa kwenye plastiki kuzuia moto, pamoja na mwanga wa jua. Wapo wanaolipaka krimu ya peroksaidi ya saluni na kulianika, na huwa jeupe kweli. Lakini mara nyingi hubaki na mabaka, na unjano unaweza kurudi. Lioshe kwa sabuni ya vyombo na sifongo laini. Kibandiko cha namba ya mali ya ofisi usikibandue, wala jina lililoandikwa kwa kalamu ya rangi kwenye kibodi. Hayo ni sehemu ya mashine.

Kuitunza baadaye si vigumu. Iwe juu ya meza au rafu, isiguse sakafu. Ifunike kwa kitambaa cha pamba, kamwe si nailoni, kwa kuwa nailoni hufungia unyevu ndani. Iwashe kila baada ya miezi michache kupitia stabilaiza, na umeme ukikatika chomoa plagi, maana unaporudi huja na kishindo.

Wakati unaifanyia kazi hiyo yote, tafuta aliyeitumia. Karani mstaafu, mpiga chapa, mwalimu, mhasibu wa chama. Mwonyeshe picha au mwite aje akae mbele yake. Muulize ilifika mwaka gani, nani alimfundisha, ilikuwa chumba gani, flopi zilitunzwa wapi, ni kazi ipi ilikuwa ya kwanza kuacha kufanywa kwa taipureta. Mrekodi kwa simu akikubali, uandike jina lake na tarehe kama ameridhia. Rekodi hiyo iweke folda moja na nakala ya diski, pamoja na picha za kila kebo ulizopiga siku ya kwanza na stakabadhi ya ununuzi.